Lalamiko la Mkazi wa Juba Linakwenda Wapi?



Nimeombwa nizungumzie baraza la jiji na kero za wakazi. Nitaanza na maji, kwa sababu sidhani yupo humu ndani ambaye asubuhi ya leo hakuyawazia. Juba imekaa ukingoni mwa Nile, Bahr el Jebel yenyewe, na bado sehemu kubwa ya watu wake hununua maji ya boza. Boza linajazwa, linazunguka mtaani, linamimina kwenye mapipa ya lita 200 yaliyosimama mbele ya nyumba. Bei hupanda pauni ikishuka thamani, hupanda mafuta yakiadimika, hupanda mvua ikiharibu njia. Sasa chukua mkazi wa Munuki aliyechoshwa na bei hiyo, au mwenye wasiwasi kwamba maji aliyouziwa hayakutiwa dawa. Aende kwa nani?

Akienda kwenye baraza la jiji anaweza kuambiwa, na si uongo, kwamba mtambo wa maji na mabomba ni kazi ya Shirika la Maji Mijini, chombo cha serikali ya taifa. Akiulizia umeme ataelekezwa JEDCO, kampuni inayosambaza umeme wa mtambo wa megawati 33 uliozinduliwa mwaka 2019. Kiwanja chake kikivamiwa, upimaji na ugawaji wa viwanja viko kwenye wizara ya jimbo la Equatoria ya Kati. Barabara kuu ni ya wizara ya taifa. Polisi ni wa taifa. Kilichobaki mikononi mwa baraza ni usafi, masoko, leseni za biashara ndogo na ushuru. Kwa hiyo mkazi wa kawaida hulijua baraza la jiji lake kupitia mtu mmoja tu: yule anayepita sokoni na kitabu cha risiti.

Watu wa Juba hawakosi sauti, na wala hawaogopi kuitumia. Washa redio asubuhi, iwe Eye Radio au Miraya, usikilize wanaopiga simu: mtaro umeziba Hai Malakal, taka zimelala soko la Konyo Konyo tangu wiki iliyopita, kisima cha pampu kimekufa Gurei. Wanasema kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kibari, kwa Kiingereza, na siku hizi kwa Kiswahili pia, kwa sababu wengi wetu tulikulia ukimbizini, Kakuma, Arua, Kampala na Nairobi. Mtangazaji anashukuru, anapokea simu nyingine. Kero imesikika nchi nzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyebanwa na sheria kuijibu. Hapo ndipo ugonjwa wa mji huu ulipo. Tumejenga njia nyingi za kusema, na hatujajenga mahali hata pamoja ambapo ukisema, mtu mwenye cheo na jina analazimika kukujibu ndani ya muda unaojulikana, mbele ya majirani zako. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea usiku huu, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo.

Jambo hili lina mizizi. Katika miaka ya 1920 Waingereza walipoamua kuhamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla kuja hapa, palikuwa na kijiji cha Wabari, Juba Na Bari, na shule ya wamisionari jirani yake. Wenyeji waliondolewa ili mji upate nafasi. Mji ukachorwa kwa madaraja: maofisa upande wao, wafanyabiashara Wagiriki upande wao, na wenyeji wa mshahara mdogo kule Malakia. Mfumo wa viwanja vya daraja la kwanza, la pili na la tatu, ambao mpaka leo unaamua nani ana hati ya muda mrefu na nani anaweza kuambiwa ahame, ulikuja na utawala ule ule.

Kisha Juni 1947 ukafanyika mkutano maarufu wa Juba, tarehe 12 na 13, chini ya James Robertson, katibu mkuu wa utawala wa Sudan. Machifu na makarani wa kusini waliitwa waulizwe kuhusu mustakabali wa kusini katika Sudan moja. Chifu Lolik Lado alitoa mfano wa msichana aliyeposwa: anahitaji muda wa kuuliza habari za mwanamume kabla hajakubali. Ombi lake liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, likasomwa na vizazi vilivyofuata, na muda haukutolewa. Nautaja mkutano ule kwa sababu ndipo mji huu ulipojifunza namna fulani ya kushauriana: unaitwa, unasikilizwa kwa heshima, unaandikwa, na uamuzi unaendelea na safari yake. Bado tunaitwa kwenye mikutano ya namna hiyo. Siku hizi kuna chupa za maji mezani.

Vita vya 1983 hadi 2005 viliufanya mji kuwa ngome ya jeshi. Mtu aliyelalamika wakati ule alijihatarisha, na walioona mapigano ya mwaka 1992 hawahitaji kuelezwa. Amani iliposainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu walirudi kwa maelfu, na mji wa ngome ukageuka mji mkuu bila kupumzika katikati. Sensa ya mwisho, ya mwaka 2008, ilihesabu watu takriban 370,000 katika kaunti yote ya Juba. Tangu hapo hatujahesabiwa tena. Mwaka 2009 matingatinga yalibomoa makazi yaliyoitwa haramu, na familia zilizokuwa zimetoka ukimbizini zikaanza tena kutafuta pa kulala. Ugomvi wa ardhi kati ya serikali ya kusini, jimbo na jamii ya Wabari ulikuwa mgumu kiasi kwamba Septemba 2011, miezi miwili baada ya uhuru, baraza la mawaziri liliamua mji mkuu uhamie Ramciel, jimbo la Lakes. Haujahama. Lakini fikirini uzito wa uamuzi ule: serikali iliona ni rahisi kuhama mji kuliko kukubaliana na wakazi wake.

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu sheria yetu ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 ilitungwa kabla hata ya uhuru. Inasema vijijini kutakuwa na kaunti, na chini yake payam na boma. Mijini kutakuwa na mabaraza ya majiji, ya manispaa na ya miji midogo, na chini ya jiji kuwe na mabaraza ya block na ya mitaa. Inataka madiwani wanaochaguliwa na wananchi. Inataka wanawake wasipungue asilimia 25. Inawatambua machifu na mahakama za kimila. Katiba ya Mpito ya 2011 ikauweka mfumo huo ndani yake. Mwaka huo huo wa 2011 Baraza la Jiji la Juba likaundwa kutokana na payam tatu, Juba, Kator na Munuki, na Mohamed El Haj Baballa akawa meya wa kwanza.

Madiwani waliochaguliwa na wananchi hatujawapata mpaka leo. Uchaguzi mkuu wa mwisho katika ardhi hii ulikuwa Aprili 2010, wakati bado tuko ndani ya Sudan. Ule wa 2015 uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na Septemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026. Katikati hapo tumepata mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, na kila mmoja humu ana kaburi analolikumbuka. Meya anateuliwa kwa amri ya gavana na anaondolewa kwa amri ya gavana. Mameya wamepishana kiasi kwamba anayeanza kuujua mji hana hakika kama mwezi ujao atakuwa ofisini. Hata jimbo lenyewe limebadilika juu ya vichwa vyetu: mwaka 2015 tuliambiwa tuko jimbo la Jubek, Februari 2020 tukarudishwa Equatoria ya Kati, na faili za watu zikahama na kurudi, zile zilizobahatika kurudi.

Sisemi mameya hawa hawakufanya kazi. Wako waliojaribu kwa moyo, waliotoka alfajiri kusimamia uzoaji wa taka. Nasema tu kwamba kiongozi aliyeteuliwa kwa amri hutazama kule amri ilikotoka, na binadamu yeyote angefanya hivyo. Mama wa chai wa soko la Custom hana kitu mkononi cha kumfanya meya ageuke amtazame.

Na tumzungumzie huyo mama wa chai, kwa sababu kwake baraza si nadharia. Ana jiko la mkaa, birika, viti vinne vya plastiki. Hajapata hata mteja wa tano, anafika mtu wa ushuru wa soko. Baadaye anakuja wa usafi. Kuna wa leseni. Kuna anayesema anatoka jimboni, na mwingine anayesema yeye ni wa taifa. Risiti moja ina muhuri, nyingine haina. Mfanyabiashara wa Juba ameshalipia usafi, kisha anaajiri kijana wa mkokoteni amwondolee takataka zilizo mbele ya kibanda chake. Amelipa mara mbili kwa huduma moja. Ukimuuliza pesa ya kwanza ilikwenda wapi, hana pa kukutuma ukaulize. Baraza nalo lina hoja yake: ruzuku kutoka juu haitabiriki, malori ya taka yanakula mafuta, dampo la barabara ya Yei liko mbali kilomita 13, watumishi hukaa miezi bila mshahara. Hoja hizi ni za kweli. Basi zisemwe hadharani, zikiwa na hesabu. Makusanyo ya Konyo Konyo ya mwezi yakibandikwa ukutani pale pale Konyo Konyo, pamoja na lita za mafuta yaliyonunuliwa, nadhani wafanyabiashara wengi wangelipa kwa moyo mwepesi zaidi, na wale watoza ushuru wa mifukoni wangekosa kivuli cha kujifichia.

Majirani zetu Kenya walilifikisha jambo la namna hii mahakamani. Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha ya mwaka 2013, yenye ada na kodi ambazo wakazi walisema hawakushirikishwa. Wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliitangaza sheria ile yote kuwa batili. Tangazo gazetini, alisema kwa maana, halitoshi kuitwa ushirikishwaji. Kaunti ilipaswa kuwafuata watu walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za kienyeji. Tangu hapo kaunti ya Kenya ikiandika ada mpya inaweza kuulizwa ilikutana na nani, wapi, lini. Mjue kwamba Nairobi yenyewe ilipita njia yetu: baraza lake lilivunjwa mwaka 1983, na jiji likatawaliwa na tume ya kuteuliwa mpaka uchaguzi wa 1992. Wakati wote huo watu walilipa ada, na wa kumnyima kura hakuwepo.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Tanzania, kwa sababu unahusu kipindupindu, na sisi na kipindupindu tunafahamiana. Kati ya 1972 na 1974 Tanzania ilizifuta halmashauri zake, za wilaya na za miji. Nia ilikuwa njema: maendeleo yasimamiwe na wataalamu waliotumwa mikoani. Miji ikaachwa bila baraza lake. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, mashimo ya vyoo yakafurika, na katika nusu ya pili ya muongo ule kipindupindu kikaenea mijini. Mwaka 1978 serikali ikarudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 ikatunga sheria kamili za serikali za mitaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akizungumza mwaka 1984, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Leo mtaa wa Dar es Salaam una mwenyekiti anayepigiwa kura, na sheria inamtaka aitishe mkutano wa wakazi. Najua malalamiko yaliyopo juu ya chaguzi hizo, ule wa 2019 ambao chama kikuu cha upinzani kilijitoa, na ule wa Novemba 2024. Ni malalamiko mazito. Hata hivyo, mkazi wa Manzese au Tandika anajua nyumba ya mwenyekiti wake, na akigonga mlango usiku ana haki ya kufunguliwa.

Sisi kipindupindu kilithibitishwa Juba Mei 2014. Juni 2015 kikarudi. Julai 2016 tena. Oktoba 2024 kikatangazwa Renk, kaskazini mwa nchi, na kikafika huku. Kila mara tumepata mashirika, mahema, dawa ya kutia majini na matangazo ya kunawa mikono, na wauguzi waliofanya kazi mpaka wakaanguka kwa uchovu. Mungu awalipe. Ila baada ya kila mlipuko sijasikia wakazi wa mtaa ulioathirika wakiitwa mbele ya baraza lao waulize: boza linajazwa wapi, nani analikagua, ni nani aliruhusu vyoo vile vichimbwe pale, na kwa nini mtaro uliombwa mwaka jana haukuchimbwa. Bakteria hupita penye swali lisilojibiwa. Watanzania walihitaji miaka michache ya kuzika watu ili walione hilo. Sisi tumeshazika vya kutosha.

Waliokaa Uganda wanakumbuka LC1, baraza la ngazi ya kijiji au mtaa. Ukitaka barua ya utambulisho, ukigombana na jirani juu ya mfereji, ukifiwa, unaanza kwa mwenyekiti wa LC1. Wakimbizi wetu wengi walijifunza hapo, kabla ya darasa lolote la uraia, kwamba serikali inaweza kuwa mtu unayemjua. Mfumo ule una kasoro zake. Wenyeviti waliochaguliwa 2001 walikaa mpaka Julai 2018 ndipo kura ikapigwa tena, kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao. Miaka 17 ni mingi mno, na mwenyekiti asiyeogopa kura huanza kuuza mihuri. Sichukui mfano huu ili tuuige. Nauchukua kwa sababu sehemu kubwa ya watu wa Juba wameshawahi kuishi ndani ya mfumo wa namna hiyo, kwa hiyo hatuanzi na watu wasiojua.

Wala hatuhitaji kwenda Uganda kutafuta desturi ya kujibu. Tunayo hapa. Nendeni mahakama ya kimila ya Kator siku ya kesi. Mlalamikaji anasimama, anaeleza. Mlalamikiwa anasimama, anajibu. Wazee wanauliza, wapita njia wanasikiliza, na uamuzi unatolewa watu wakiwa wamekaa pale pale. Unaweza usiupende uamuzi, na wanawake wana sababu nyingi za kutoupenda katika mambo ya mirathi na ndoa, lakini huondoki bila jibu. Chifu asiyejibu watu hawamwendei tena, na chifu asiyeendewa hana uchifu. Kwa nini desturi hii, inayoheshimiwa na Mbari, Mdinka, Mnuer, Mzande na Mkuku sawasawa, iishie kwenye kesi za ng'ombe na mahari, isifike kwenye bei ya boza na risiti ya soko?

Ninachopendekeza hakingoji Desemba 2026. Meya aliyeteuliwa anaweza kesho kutwa kutangaza kwamba mara moja kila mwezi, siku inayojulikana, atakaa mbele ya watu katika mojawapo ya block tatu za jiji, Juba, Kator au Munuki, akiwa na mkuu wa usafi na mhasibu. Awaalike Shirika la Maji na wizara ya viwanja ya jimbo, na kiti cha asiyefika kibaki wazi watu wakione. Karani aandike kila kero, jina la aliyeipokea na tarehe ya kurudi na jibu. Mwezi unaofuata kikao kianze kwa kusoma yale ya mwezi uliopita kabla ya kupokea mapya. Yasomwe kwa Kiarabu cha Juba, si kwa Kiingereza cha ofisini. Redio zirushe. Akina mama wa soko wapewe nafasi ya kusema mapema, wasiachwe mpaka mwisho wakati wazee wameshachoka, maana wao ndio wanaolipa ushuru wa kila siku na ndio wanaobeba maji. Na mtu aliyesema pale asifuatwe nyumbani usiku. Hili nalisema wazi kwa wenzetu wa vyombo vya usalama, kwa heshima: mkazi akiogopa kutaja mtaro ulioziba, hakuna kikao kitakachowaokoa wanawe na kipindupindu.

Na lipo moja la kufanywa kabla ya kura yoyote kupigwa: mipaka. Jiji limekua likavuka payam zake tatu. Sehemu kubwa za Gudele ziko payam ya Northern Bari, na Gumbo na Sherikat, ng'ambo ya mto, ziko Rejaf. Kwa karatasi hizo ni za kaunti, chini ya kamishna. Kwa maisha ni Juba. Mkazi wa Gumbo anavuka daraja asubuhi, analipa ushuru wa jiji sokoni, anarudi jioni mahali ambapo lori la taka la jiji halina wajibu wa kufika. Uchaguzi ukija na mipaka ikiwa hivi, atamchagua nani? Wabari wa Northern Bari na Rejaf wana hofu ya haki kwamba kuitwa jiji ni njia ya kupokonywa ardhi, na historia ya Juba Na Bari inawapa sababu. Kwa hiyo mazungumzo ya mipaka yaanze na wao, machifu wao wakiwa mezani tangu siku ya kwanza, na ahadi juu ya ardhi yao iandikwe kabla ya ramani kuchorwa. Naomba baraza la jiji na kamishna wa kaunti waitishe kikao hicho, Gumbo kwenyewe, kabla mvua hazijafunga njia, na waje na ramani wanayoitumia sasa.

Maikrofoni ipitishwe, tuanze na mama zangu waliokaa nyuma.